Meli ya Watalii, Gari ya 502 na Saa ya Kurudi

Kila unapoingia msimu wa kaskazi, meli kubwa za watalii huanza tena kuonekana katika Bandari ya Malindi. Huwasili asubuhi na kung'oa nanga siku hiyo hiyo, na abiria wake hushuka kwa mamia wakiwa na saa chache za kuiona Unguja. Wengi wao huwa wamekwisha kununua matembezi wakiwa bado melini: Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu. Lakini wapo wanaotoka kwenye lango la bandari kwa miguu, wakiwa na mkoba mdogo na taulo, na kuuliza swali moja tu: pwani ya kuogelea iko wapi, na vipi watafika kwa gari ya kawaida inayotumiwa na wenyeji?

Swali hilo huulizwa kwa yeyote aliye karibu: askari wa getini, muuza madafu, kijana wa bodaboda, utingo. Jibu atakalopewa mgeni ndilo litakaloamua kama ataikaa bahari kwa saa nne au kwa nusu saa, na kama fedha zake zitabaki katika wilaya yetu au zitapita juu ya barabara yetu zikielekea kwingine. Ndiyo maana makala haya yanaandikwa kwa wananchi wanaoulizwa, na kwa madereva na utingo wanaowabeba, kabla ya kuandikwa kwa mgeni mwenyewe.

Hesabu ianze mwisho

Msafiri wa kawaida huanza kwa kuuliza gari inaondoka saa ngapi. Msafiri wa meli hana budi kuanza na saa ya kurudi. Kila meli hutangaza muda ambao abiria wote wanatakiwa wawe wamekwisha kupanda, na muda huo hutangulia saa ya kuondoka, mara nyingi kwa nusu saa au hata saa nzima. Iwapo meli imetia nanga nje na abiria wanaletwa ufukoni kwa boti, kinachohesabiwa ni boti ya mwisho, si meli yenyewe.

Walionunua matembezi ya meli wana amani moja: basi lao likichelewa, kwa kawaida meli huwasubiri. Aliyetoka peke yake hasubiriwi. Meli ikimwacha, atalazimika kuifuata katika bandari inayofuata kwa gharama zake mwenyewe. Kama bandari hiyo ni Dar es Salaam, boti ya mwendo wa kasi itamfikisha kwa muda wa karibu saa mbili. Kama ni Nosy Be au Ushelisheli, hapo ni tiketi ya ndege, karatasi za uhamiaji na usiku wa mashaka. Kwa hiyo mwenyeji anayemwambia mgeni "usijali, utarudi tu" anatoa ahadi ambayo si yeye atakayelipa ikivunjika.

Kwa upande wa pili, daladala haiondoki kwa saa. Huondoka kwa abiria. Hili kila mmoja wetu analijua, lakini si kila mmoja amewahi kuliwazia kwa jicho la mtu anayekwenda kinyume nasi. Gari nyingi za shamba hulala vijijini. Alfajiri hutoka Nungwi, Matemwe, Jambiani na Makunduchi zikiwa zimejaa wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali na kina mama wenye vikapu. Zikishusha mjini huanza kusubiri, kwa sababu saa tatu au saa nne asubuhi ni wachache wanaorudi shamba. Alasiri mambo hugeuka: gari hutoka mjini zimesheheni hadi juu ya paa, na zinazoelekea mjini ni chache, maana dereva aliyekwisha kufika kwao hana sababu ya kurudi mjini na gari tupu. Mgeni wa meli huenda kinyume na mkondo huo mara mbili kwa siku moja. Asubuhi husubiri gari ijae. Jioni husubiri gari itokee. La pili ndilo la hatari.

Nungwi kwa kalamu na karatasi

Tuchukue mfano. Abiria ameruhusiwa kushuka saa tatu asubuhi na anatakiwa awe melini saa kumi na nusu. Ana saa saba na nusu, na machoni mwake ni siku nzima. Amesikia sifa za Nungwi, akaambiwa apande gari ya 116.

Atumie dakika 20 kufika kituoni. Asubiri dakika 40 gari ijae. Saa nne ndiyo inaondoka. Gari itapita Mtoni, Bububu, Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni, ikishusha na kupakia, na kwa safari ya kilomita zipatazo 60 ya namna hiyo tumpe saa mbili. Saa sita mchana yuko Nungwi. Sasa arudi nyuma kutoka saa kumi na nusu: saa nzima ya akiba, kwa ajili ya pancha au msongamano wa kuingia mjini, dakika 20 kutoka kituoni hadi bandarini, saa mbili za barabarani, dakika 40 za kusubiri gari. Anatakiwa awe ameondoka pwani saa sita na nusu.

Amepata nusu saa ya bahari. Hata mchanga haujakauka miguuni.

Hatusemi Nungwi isitajwe. Ni pwani nzuri, na upande wake wa magharibi pamoja na Kendwa una sifa ya kuwa na maji ya kuogelea karibu muda wote wa siku. Lakini anayetaka kwenda huko kutoka melini aende kwa daladala na kurudi kwa teksi aliyoagana nayo mapema, au akodi gari na wenzake wanne kwa kwenda na kurudi. Teksi ikimfikisha mjini kwa saa moja na nusu, mtu wa mfano wetu anaweza kukaa Nungwi hadi saa nane, nazo ni saa mbili kamili. Kwa Kendwa aongeze pia mwendo wa miguu wa karibu nusu saa kutoka barabara kuu hadi pwani, kwani gari ya 116 haiingii ndani.

Bububu na gari ya 502

Gari ya 502 ni ya Bububu. Haina sifa katika vitabu vya wageni, na pengine ndiyo sababu watu wetu wenyewe huona haya kuitaja. Lakini kwa mtu mwenye saa saba na nusu ndiyo gari inayofaa kuliko zote za kisiwa hiki. Bububu iko takriban kilomita 10 kaskazini ya mji. Gari ni nyingi, hupita mchana kutwa, na hazimsubirishi mtu kwa sababu abiria wa viungani hawana saa maalumu ya kwenda wala ya kurudi.

Tumrejeshe yule yule abiria kwenye hesabu. Saa tatu na dakika 20 yuko kituoni. Dakika kumi baadaye gari imeondoka. Saa nne ameshuka Bububu. Karibu na kituo cha polisi ataiona njia ndogo inayoteremka kuelekea baharini, na kwa mwendo wa dakika kumi hivi atakuwa katika ufuo tunaouita Fuji. Kurudi, akiweka akiba ile ile ya saa nzima, pamoja na nusu saa ya barabarani na robo saa ya kusubiri, anaweza kukaa hadi saa nane na robo. Ni zaidi ya saa nne za kuogelea, kula samaki na kukaa kivulini, kwa nauli ndogo mno ukiilinganisha na bei ya matembezi ya meli.

Ufuo wenyewe una watu wake. Vijana hucheza mpira jioni, watoto huogelea, vyombo vya wavuvi hukaa mchangani. Mgeni anayetafuta pwani tupu isiyo na mtu hataipata hapa, na ni bora aambiwe hivyo tangu mjini.

Njiani gari hupita Maruhubi na Mtoni, penye magofu ya majumba ya masultani. Katika jumba la Mtoni ndiko alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete na kuandika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Aliwahi pia kukaa Bububu. Tunalitaja hili kwa sababu moja zaidi: wapo wanaoshikilia kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa treni. Jina lilikuwapo kabla ya treni. Yeye alilitumia kabla reli haijatandikwa.

Reli hiyo nayo inastahili kukumbukwa katika mjadala huu. Mwaka 1905 ilifunguliwa njia ndogo ya treni ya maili saba, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Meli za abiria zilipotia nanga, lilikuwapo behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wageni waliotaka kuyaona mashamba kabla ya meli yao kuondoka. Katika miaka ya 1920 mabasi yaliishika barabara na treni ikaacha kubeba abiria. Kwa hiyo kumpeleka mgeni wa meli Bububu na kumrudisha kabla ya nanga kupanda ni kazi ambayo njia hii imeifanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilichobadilika ni chombo.

Anayesisitiza kwenda mashariki

Wapo watakaotaka Paje au Jambiani, wanakofika kwa gari ya 309 kupitia Tunguu, Jozani na Kitogani. Masharti ya muda ni yale yale ya Nungwi, na juu yake lipo sharti la maji, ambalo wageni wengi hawalijui na wenyeji wengi husahau kuwaambia.

Pwani ya mashariki ni tambarare hadi mwambani. Maji yakipwa, bahari huondoka na kuacha mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani kwa masafa marefu. Katika bahari yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Saa nne au saa tano asubuhi ndiyo saa anayofika msafiri wa meli. Atakuta bahari iko mbali na yeye amebaki na taulo lake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo huwa kinyume: asubuhi hiyo maji yapo, ingawa hayajai kama ya bamvua. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo anayejua mwezi una siku ngapi anaweza kumjibu mgeni bila ya kufungua kitabu chochote.

Maji yakiwa yamepwa, wakulima wa mwani wako kazini. Kilimo hicho kilianza kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mgeni anayekwenda kutembea mwambani avae viatu, apite pembeni ya kamba zilizofungwa mwani, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mtu aliyeinama majini akifanya kazi yake si mandhari.

Saa ya Kiswahili na saa ya meli

Kosa linaloweza kumpotezea mgeni meli yake ni la lugha. Utingo anaposema gari ya kurudi ipo saa nane, ana maana ya alasiri. Mgeni aliyejifunza kuhesabu kwa Kiswahili atasikia nane na kufahamu saa mbili asubuhi, au saa mbili za usiku, kwa kuwa kwao siku huanza usiku wa manane, si kwa kuchomoza jua. Tofauti ni saa sita, na imekaa katika maneno mepesi kabisa. Njia iliyo salama ni kuonesha: mwoneshe mishale ya saa, au andika tarakimu kwenye kiganja au kwenye simu, ukizitaja kwa hesabu yao.

Kuna jambo la pili lenye sura hiyo. Baadhi ya meli hubaki na saa ya bandari waliyotoka na hazibadilishi zikifika kwetu. Simu ya abiria hujirekebisha yenyewe, saa ya ukutani melini haijirekebishi. Kabla ya kushuka aulize: muda uliotangazwa ni wa meli au wa hapa?

Kituo, nauli na adabu ya garini

Kwa miaka mingi jibu la "gari ziko wapi" lilikuwa Darajani, mbele ya soko. Vituo vya mjini vimehamishwa tangu wakati huo, na ramani nyingi walizonazo wageni bado zinaonesha Darajani. Anayeulizwa asijibu kwa mazoea. Amtajie kituo kinachotumika siku hiyo kwa njia anayoitaka, iwe Kijangwani, Mwanakwerekwe au kwingine, na amwandikie namba ya gari. Namba zina mpango wake: zinazoanza na 1 huelekea kaskazini, zinazoanza na 3 huelekea kusini na pwani ya kusini mashariki, na zinazoanza na 5 ni za mjini na viunga vyake. Mgeni akiisoma namba mbele ya gari hahitaji kujua lugha.

Nauli ni moja. Hili tuliseme wazi, kwa sababu kuna wanaoona kwamba mtu aliyeshuka kwenye meli kubwa kama mtaa anaweza kulipa mara tano bila kuumia. Pengine anaweza. Lakini abiria aliyekaa ubavuni mwake amelipa kiasi kinachojulikana, na mgeni ana macho. Akishuka Bububu akijua amelipishwa zaidi, atakachowaambia wenzake jioni melini ni hicho, na meli ijayo watachukua teksi hadi Nungwi wakitupita. Naye mgeni awe na shilingi, tena noti ndogo ndogo. Kumpa utingo dola ni kumtia katika hesabu asiyoiweza huku gari inakwenda. Akiwa na mzigo mkubwa, unaweza kwenda juu ya paa, na si vibaya utingo kuutaja mapema kama una nauli yake.

Kuhusu mavazi, mgeni afahamishwe kwa upole. Nguo za kuogelea ni za pwani. Garini mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, kwa kuwa katika gari za mabenchi watu hukaa wakitazamana, magoti kwa magoti, na mzee au mama aliyepakata mjukuu wake hana pa kuelekeza macho. Kanga moja iliyonunuliwa njiani humaliza suala hili, na hutumika pia kujifutia maji. Mgeni akisalimia anapopanda, gari nzima humjibu, na kuanzia hapo hapotei: abiria wenyewe watamwambia utingo pa kumshusha.

Siku ya Ijumaa, baina ya saa sita na saa nane mchana, madereva na utingo wengi huwa msikitini na gari hupungua. Anayerudi siku hiyo aondoke kabla ya hapo, au aongeze muda wa kusubiri. Katika mwezi wa Ramadhani, msongamano wa alasiri huanza mapema kwa kuwa kila mtu anataka kufuturu kwao, na mchana si vyema mgeni kula au kunywa garini mbele ya waliofunga.

Jambo la mwisho ni la upande wa barabara. Anayetoka ufuo wa Fuji hufika barabara kuu na kusimama pale pale alipotokea, upande wa baharini, kwa sababu ndipo aliposhukia asubuhi. Gari zinazopita upande huo zinakwenda kaskazini. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari za kurudi mjini hupita upande wa pili, upande wa bara, na mgeni anatakiwa avuke barabara kwanza. Ukimwona amesimama upande usio wake na mkoba wake, mvushe.